Stempu ya Barua za Kawaida

Meneja wa posta alikuwa amevaa tai. Hilo peke yake liliwafanya wateja wajue kuna jambo, maana kwa kawaida tai yake ilining'inia kwenye msumari nyuma ya mlango wa ofisi, na kazi yake kubwa ilikuwa kukusanya vumbi. Leo ilikuwa shingoni, imemkaba sawasawa, naye amesimama mbele ya kaunta akisoma hotuba kwa sauti ya mtu anayehutubia uwanja mzima. Waliomsikiliza walikuwa makarani wawili, wateja waliokuja na shida zao, na mama mmoja aliyewekewa kiti karibu na mzani wa vifurushi.

Huyo mama ndiye aliyekuwa mgeni wa heshima. Alikuwa mama mzazi wa karani wa dirisha la pili, na mjane wa kijana ambaye sura yake ilikuwa kwenye stempu mpya.

"Leo," alisema Meneja, "taifa linawakumbuka waliomwaga damu ili sisi tujitawale. Stempu ni nne. Ya kwanza mnaiona hapa, bendera yetu inapandishwa. Ya pili ni akina mama waliobeba risasi ndani ya matita ya kuni. Ya tatu, vijana wetu wanavuka daraja chini ya mabomu. Na ya nne..." Akageuka, akainamisha kichwa kuelekea kwenye kiti. "Ya nne ni mwana wa mji huu huu. Makofi, tafadhali!"

Watu wakapiga makofi. Mwanamume mmoja mwenye bahasha kwapani aliuliza kama foleni bado ni ile ile au inaanza upya.

Nyuma ya kioo cha dirisha la pili, karani aliitazama ile stempu kana kwamba haijui. Picha aliijua vizuri. Ilitundikwa sebuleni kwao tangu apate akili: kijana wa shati lililofungwa vifungo mpaka juu, nywele zimechanwa upande mmoja, anaitazama kamera kama anayetaka kuiuliza kitu. Alikamatwa na polisi wa mkoloni mkewe akiwa na mimba changa, hakurudi tena. Karani hakuwahi kumwona. Sasa yeye mwenyewe alikuwa amempita umri, na jambo hilo likimjia kichwani lilimchanganya, akajiona kama dada mkubwa wa baba yake. Na leo huyo hapo, mdogo kama ukucha wa kidole gumba, karatasi ya meno-meno imemzunguka pande zote.

Mama alisogea mpaka kwenye tundu la kioo, akanong'ona. "Mbona bei yake ndiyo ndogo kuliko zote?"

"Ndiyo ya barua za kawaida, mama. Ndiyo itakayotumika zaidi."

"Hee! Na bendera?"

"Bendera ni ya vifurushi vizito. Nani ana vifurushi siku hizi?"

Mama akatabasamu, akarudi kitini mgongo umenyooka. Alikuwa amevaa nguo yake ya heshima, na viatu ambavyo mkwewe alivipiga rangi asubuhi mpaka mbu angeteleza.

Meneja akachukua bahasha nyeupe, akaibandika ile stempu ya nne kwenye kona, akaiinua juu wote waione. "Na sasa, muhuri wa kwanza utapigwa na binti wa shujaa mwenyewe!"

Karani akachukua muhuri wake. Ulikuwa wa chuma, mpini wake wa mbao umelainishwa na mikono ya makarani waliomtangulia. Mkono wake ulisifika. Mwenzake wa dirisha la kwanza, ambaye wote walimwita Matangazo kwa kuwa hakuna habari iliyompita bila kutangazwa, alipenda kusema kwamba mtu angeweza kucheza ngoma kwa mdundo ule. Kwenye wino, pa! Kwenye bahasha, pa! Karani alipiga kama alivyopiga siku zote, katikati, kwa nguvu.

Duara jeusi lilitua juu ya macho ya yule kijana.

Makofi yalipoanza, karani aliinua uso amtafute mama yake. Mama alikuwa ameruka kidogo kitini, mabega yamepanda, kiganja kimeziba mdomo. Hakuna aliyemtazama isipokuwa binti yake, na ni yeye tu aliyemsikia akisema, kwa sauti ya chini kabisa, "Jamani, msimpige."


Nyumbani hawakulizungumza. Mama alikunja nguo yake ya heshima, akalalamika kuhusu viatu, akapika chai. Lakini karani alijua. Mara moja tu katika maisha yake mama aliwahi kumweleza habari za kituo cha polisi: kwamba jirani aliyeishi nyuma ya ukuta wake alisikia kipigo tangu magharibi, kikaendelea, kikaendelea, na kwamba asubuhi lori liliondoka pale limefunikwa turubai. Kipigo kilisikika vipi? Hilo mama hakulieleza, na karani hakuuliza. Sasa alijiona ameshapata jibu lisilotafutwa, nalo lilikuwa mkononi mwake.

Kesho yake akakaa dirishani, akamwaga gunia la barua mezani. Bendera akazipiga. Akina mama wenye kuni akawapiga. Vijana wa darajani nao wakapata haki yao. Ilipofika zamu ya baba yake, mkono uliinuka vizuri tu, halafu njiani ukalegea, ukatua kama unaompapasa mtoto aliyelala. Muhuri haukuacha hata doa. Akajaribu tena, ukaacha kivuli cha wino ambacho mtu angeweza kudhani ni uchafu wa kidole. Akatazama kushoto na kulia, akaisukuma bahasha katikati ya kifurushi, akafunga kamba.

"Kesho nitazoea," alijiambia.

Hakuzoea. Na kwa kuwa watu wengi huandika barua za kawaida, baba yake alimjia siku nzima, bahasha baada ya bahasha, na kila mara na yale macho ya kutaka kuuliza.

"Wewe, bibie," Matangazo alimwambia walipokuwa wakinywa chai, "muziki wako umeharibika. Zamani ilikuwa pa-pa-pa, mpaka raha. Sasa hivi ni pa, pa, halafu kimya. Pa, halafu kimya. Kama redio yenye betri za kuazima."

"Mkono unaniuma kidogo."

"Si umwambie mumeo akukande? Au fundi yule anajua kukanda friji tu?"

"Hata friji zenyewe hazijamlipa mwezi huu."

Matangazo akacheka, kisha akashusha sauti, jambo lililoonyesha kwamba ana habari ya kweli. "Na mama yako ana ndugu wengi, mashallah! Jana alichukua karatasi nzima ya stempu za mzee. Leo amerudi, kachukua mbili. Namuuliza, mama, unaandikia jeshi? Ananiambia, ndugu zetu wamesambaa."

Karani akaishika bilauri ya chai asiinywe. Ndugu zao, wote kwa pamoja, wangetosha kwenye benchi moja. Alitaka kuuliza zaidi, lakini wateja walikuwa wameanza kugonga kioo kwa sarafu, na mtu akigonga kioo kwa sarafu hakuna mazungumzo tena.

Aliyefurahi kuliko wote ni Meneja. Alipita nyuma ya makarani akipiga vidole. "Mauzo! Makao makuu wamenipigia simu wenyewe. Wanasema hakuna tawi lililouza stempu ya nne kama sisi. Nimewaambia, sisi hapa uzalendo uko kwenye damu."


Jioni moja mume wa karani alirudi kutoka karakanani kwake, mikono inanuka gesi ya friji, akasimama katikati ya chumba akitazama dari. Juu ya kitanda palikuwa na duara la kahawia, na juu ya duara hilo bati lilikuwa limekula kutu mpaka ukiweka jicho unaona anga. Mawingu yalikuwa yameanza kukusanyika kila alasiri.

"Mama," alisema kwa adabu, "yule fundi wa paa anataka kianzio. Zile hela tulizokupa ututunzie ungenipa hata nusu."

Mama alikuwa anachambua mboga. Hakuinua kichwa. "Mwambie asubiri kidogo, baba."

"Yeye atasubiri. Mvua nayo niiambie nini?"

"Mbona una haraka? Paa limevuja miaka yote, leo ndiyo limekuwa dharura?"

Mkwe akamtazama mkewe. Karani akatazama sakafu. Alikuwa na siri yake, na mwenye siri yake hana uso wa kuchimba ya mwenzake. Fundi friji akanawa mikono, akaisogeza sufuria tupu chini ya lile duara, tayari kwa lolote, kisha akakaa kula.


Mkaguzi kutoka makao makuu alifika bila kutangaza. Alikuwa mwanamke mwembamba, miwani shingoni kwa kamba, mkoba mkubwa begani, na hakutaka chai. Meneja, aliyedhani amekuja kumpongeza, alikimbilia tai yake ukutani. Alipoivaa, mkaguzi alikuwa ameshapanga bahasha juu ya meza yake, safu baada ya safu, kama mtu anayepanga karata.

"Mwite karani wa dirisha la pili."

Karani aliingia, akaona zile bahasha. Zote zilikuwa na stempu ya baba yake, na zote zilikuwa safi.

"Unajua hizi zimetoka wapi?" mkaguzi aliuliza. "Watu wanapokea barua, wanaona stempu haina muhuri. Wanaweka bahasha juu ya mvuke wa birika, stempu inabanduka, wanaibandika tena. Kuna mwenye duka anaziuza nusu bei mlangoni kwake, tena mchana kweupe. Posta inapata hasara. Na kila moja imepita mikononi mwako."

Meneja akajifuta paji la uso kwa ncha ya tai. "Binti huyu ni mwaminifu, bosi. Sijawahi..."

"Sijakuuliza wewe. Dada, mwenye duka anakupa kiasi gani?"

"Hanipi kitu. Simjui hata."

"Basi ulikuwa unalala kazini?"

"Hapana."

"Ulikuwa unafanya nini?"

Karani alifungua mdomo. Jibu alikuwa nalo, lakini kila alipolitayarisha kichwani lilisikika kama la mtoto wa chekechea. Mlango ulikuwa wazi kidogo. Alijua nje Matangazo ameacha kuhesabu chenji ili asikie. Masikio yalimwaka.

"Nashindwa kumpiga," alisema.

"Kumpiga nani?"

"Baba yangu."

Mkaguzi akavaa miwani, akamtazama yeye, akaitazama stempu, akamtazama tena. Meneja akaeleza haraka haraka, akirudia maneno ya hotuba yake, mpaka mkaguzi alipoinua mkono anyamaze.

"Maelezo mazuri," mkaguzi alisema. "Mwizi naye huwa na maelezo mazuri." Akauvuta mkoba, akatoa kifurushi kingine cha bahasha zilizopita dirisha lile lile, akaanza kuzigeuza moja moja. Bendera: muhuri mzito, tarehe inasomeka. Bendera tena: mzito. Akina mama wenye kuni: mzito. Daraja: mzito mpaka karatasi imebonyea. Alichukua muda wake. Chumba kizima kilisikiliza karatasi zikigeuka.

Mwishowe akavua miwani. "Bendera moja ina thamani ya hizi za kwako kadhaa. Mtu wa kuiba angeziacha bendera bila muhuri. Hakuna mwizi anayeacha nyama akaiba mfupa." Kisha, kana kwamba amejisikia anataka kutabasamu akajikanya, akaongeza, "Nakusadiki. Lakini kusadikiwa hakupigi muhuri. Kesho asubuhi nitakaa nyuma ya kiti chako. Ukipiga stempu hii kama unavyopiga nyingine, nitaondoka. Ukishindwa, nitaandika kwamba hufai kazi ya posta, na hapo hata Meneja wako hataweza kukusaidia. Nchi haiwezi kuwa na karani wa kubagua barua."

Karani alipotoka, Matangazo alimshika mkono. Wateja wake mwenyewe akawaacha wakigonga kioo kwa sarafu.


Alifika nyumbani jua bado lipo, akamkuta mama ukumbini akikunja nguo zilizokauka. Alikaa chini bila kuvua viatu, akamweleza yote, tangu muhuri wa kwanza mpaka maneno ya mkaguzi. Alitarajia mama amkemee. Mshahara wa fundi friji ulikuwa wa leo upo kesho haupo. Chumba, chakula na dawa za mgongo wa mama vilitegemea lile dirisha la pili.

Mama hakukemea. Aliinuka, akaingia chumbani, akarudi amekumbatia mto wake wa kulalia. Akafungua foronya, akamimina.

Stempu zilimwagika juu ya mkeka, karatasi nzima nzima, zikateleza moja juu ya nyingine mpaka zikafika miguuni mwa karani. Kijana yule yule, safu kwa safu, shati lake lile lile, macho yale yale.

"Mama! Hizi zote?"

"Nilikuwa namwokoa," mama alisema. "Nilijua siwezi kuwazuia watu. Ila kila karatasi niliyonunua, nilisema, basi hawa hawatapigwa."

Mlango ulifunguliwa, fundi friji akaingia na kisanduku chake cha vifaa. Alisimama akitazama mkeka. Hakuna aliyehitaji kumweleza hela zilikokwenda; ilikuwa wazi kama bati lenyewe. Akaweka kisanduku chini taratibu.

"Kwa hiyo," alisema, "baba mkwe amekula mabati yangu."

Mama akamtazama kwa hofu. Kisha pembe ya mdomo wa fundi friji ikacheza, naye akashindwa kujizuia, akacheka mpaka akaegemea ukuta. Karani naye kikamtoka kicheko, halafu kilio, halafu vyote kwa pamoja. Mama akawatazama kama watu waliorukwa na akili.

"Nisamehe, baba," alimwambia mkwewe. "Nitazilipa."

"Utazilipa kwa stempu?" Akachuchumaa, akaokota karatasi moja, akaigeuza kwenye mwanga wa dirisha. "Lakini mzee alikuwa mtanashati. Kumbe mke wangu uzuri hakuurithi kwako."

"Toka hapa!" mama alisema, lakini alikuwa ameanza kupumua.

Wakakaa watatu kuzunguka zile karatasi. Mama alipitisha kidole juu ya safu moja, sura baada ya sura.

"Ninyi hamkumjua," alisema. "Mguu wake ulikuwa nje siku zote. Siku ya harusi yetu tulimtafuta, kumbe yuko stendi ya malori anapanga mkutano. Alirudi na grisi kwenye mkono wa shati, baba yangu akataka kuvunja ndoa. Nyumba ilimkaba. Alisema akikaa ndani sana anasikia kuta zinakohoa." Akaigusa foronya tupu. "Jana nilifungua foronya niongeze karatasi nyingine. Nikawaona wote wamebanana humo gizani, wananitazama. Moyo ukanigonga. Nikajiambia, we mwanamke, umemfungia mumeo. Wale waliomchukua walitaka hilo hilo, akae ndani asisikike. Na mimi nimewafanyia kazi yao bure. Tena kwa hela za mabati!"

"Si ni wewe uliyesema asipigwe?" karani aliuliza.

"Nilisema. Nilishtuka." Mama akavuta pumzi. "Kilichoniua mimi si kipigo peke yake, mwanangu. Ni lile lori. Nilizunguka kila ofisi, nikauliza, mmempeleka wapi? Wote hawajui. Nikakaa miaka yote kama mtu aliyetuma barua bila anwani. Sasa huyu hapa watu wanataka kumpeleka mahali, mahali penye jina, mimi namng'ang'ania! Mpige, aende. Lakini si machoni, nakuomba. Hakuna namna?"

Karani alifikiri. Aliikumbuka kanuni waliyofundishwa, na kwa mara ya kwanza aliisikiliza vizuri: muhuri uguse stempu na uguse bahasha, na tarehe isomeke. Mahali hasa pa kugusa kanuni haikutaja. Wote walipiga katikati kwa sababu ndiyo haraka.

"Begani," alisema. "Nusu begani kwake, nusu kwenye bahasha."

"Unaweza?"

"Sijui. Mkono umezoea katikati."

Fundi friji alikuwa ameshainuka. Alirudi na kifuniko cha chupa ya dawa ya kikohozi na kopo la rangi nyeusi ya viatu, ile ile iliyong'arisha viatu vya mama siku ya sherehe. Wakachana magazeti ya zamani, wakachora vijisanduku vya ukubwa wa stempu, na karani akaanza kupiga. Pa, ikaenda juu. Pa, ikaenda nje kabisa. Mumewe akawa refa, anasema "shingo!", "sikio!", "umemkosa, mzee amekimbia!" Taratibu duara likaanza kushuka, likatafuta bega, likalipata, likalipata tena.

"Sasa yeye mwenyewe," karani alisema, akabandika stempu ya kweli kwenye bahasha kuukuu. Kifuniko kikabaki hewani. Mkono ulianza kulegea ule ulegevu anaoujua.

Mama akakichukua kile kifuniko mkononi mwake. Akakichovya. Akafumba macho, akayafumbua, akapiga.

Wote wakainama kutazama. Duara lilikuwa limekaa juu ya bega la shati, kama mkono wa rafiki. Uso ulikuwa mzima.

"Haya," mama alisema, akajifuta rangi kwenye kidole. "Zamu yako."


Asubuhi mkaguzi alikaa nyuma ya kiti cha karani, mkoba magotini. Meneja alisimama mlangoni kwake, akijifanya anasoma tangazo aliloliandika mwenyewe. Matangazo alikuwa na wateja, lakini shingo yake ilikuwa kwa jirani.

Bahasha ya kwanza, bendera. Pa! Ya pili, daraja. Pa! Ya tatu ilikuwa ya bluu, anwani imeandikwa kwa mwandiko wa kujitahidi, na kwenye kona alikuwa baba yake. Karani alichovya muhuri. Aliitazama ile sura waziwazi, bila kuikwepa. Mkono ukainuka, ukashuka kwa uzito wake wote.

Pa!

Mkaguzi akanyoosha mkono, akaichukua. Akaisogeza karibu na miwani, akasugua duara kwa kidole gumba. Halikutoka. "Tarehe inasomeka," alisema. "Haiwezi kubanduliwa ikatumika tena." Akaitazama zaidi ya ilivyohitajika. "Na mtu anaonekana. Mbona wengine hawapigi hivi?" Hakusubiri jibu. Alitazama bahasha nyingine, na nyingine, mpaka mdundo ulipotulia na kurudi kuwa ule wa zamani, kisha akasimama, akaning'iniza mkoba begani. "Nimekupa onyo la mdomo. La mdomo haliandikwi popote. Meneja, chai ile ya jana bado ipo?"

Matangazo akapiga kigelegele, akajifanya amekohoa.

Lakini furaha haikumaliza shida za ofisi. Kabla jua halijawa kali, Matangazo aliinua mikono dirishani kwake: stempu za barua za kawaida zimekwisha. Mzigo mpya haujafika. Watu wakaanza kunung'unika. Meneja, aliyesifiwa kwa mauzo yale yale, akawa anazunguka kama kuku anayetafuta pa kutaga.

"Zipo," karani alisema. "Ziko nje."

Nje, kwenye ngazi za posta, mama alikuwa ameketi juu ya kigoda na foronya yake. Alikuwa amekuja kumsindikiza bintiye tu, asijue atafanya nini na mzigo ule. Sasa foleni ikahamia kwake yenyewe. Aliuza kwa bei ile ile iliyoandikwa, senti haikuongezeka, na hakuna mnunuzi ambaye mama hakumuuliza maswali. Barua inakwenda wapi? Mbali? Kuna mto huko? Meneja alitoka kukataza, akasimama, akakuna kichwa. "Sheria inasema posta hairudishi hela," alitamka. "Haisemi kitu kuhusu ngazi." Akarudi ndani kabla hajabadilisha mawazo.

Fundi friji alipopita baadaye, alikuta foronya imelegea na leso ya mama imejaa hela. Alitoa futi yake mfukoni, akambusu mama mkwe utosini mbele za watu, akaondoka kwa haraka kuelekea kwa muuza mabati, huku akitazama mawingu kama anayeyaambia yachelewe kidogo tu.

Mwishowe mama naye aliingia ndani. Alijipanga kwenye foleni kama mteja yeyote, ingawa watu walitaka kumpisha. Alipofika kwenye kioo, alisukuma bahasha kupitia tundu. Aliyeandikiwa alikuwa mama mmoja wa mji wa mbali, ambaye mumewe alipakiwa kwenye lori lile lile. Walikutana langoni mwa kituo cha polisi asubuhi ile, wakashikana mikono, na tangu siku hiyo hakuna aliyepata wakati wa kumwandikia mwenzake.

"Mama, umeandika nini?"

"Mambo ya wakubwa. Piga."

Karani akachovya, akapiga. Mama alikuwa amekodoa macho. Mabega yalicheza kidogo, yakatulia. Akainama mpaka paji lake likagusa kioo.

"Atafika lini?"

"Keshokutwa. Basi la barua likichelewa, siku inayofuata."

"Na njia inapita wapi?"

Karani akamweleza: mji wa viwanda, kisha darajani, kisha mteremko wa milimani. Mama akarudia majina yale kwa midomo tu, polepole, mpaka bahasha ilipotupwa kwenye gunia.

"Basi," alisema. "Safari hii najua anakokwenda."

Nyuma yake kijana mmoja mwenye haraka alikuwa ameshanunua yake. Alitoa ulimi, akailamba stempu kuanzia juu mpaka chini, akarudia tena kwa uhakika. Mama aligeuka, akamtazama kwa jicho kali.

"Taratibu, mwanangu," alisema. "Huyo ana mwenyewe."

Foleni nzima ikaangua kicheko, na nyuma ya kioo karani alicheka mpaka ikambidi auweke muhuri chini.